Diski ya ndani ya iMac ya zamani ikifa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mwenye iMac ya kati ya mwaka 2007 na 2019 ambayo diski yake ya kuzunguka imekufa au inaelekea huko. Mashine hizi bado ni nyingi kwenye studio za picha, maduka ya uchapishaji na ofisi ndogo, na nyingi zilifika huku zikiwa zimeshatumika miaka kadhaa Ulaya au Marekani. Skrini bado nzuri, prosesa bado inajiweza, ila diski imechoka. Kuibadilisha kunawezekana, lakini ugumu wake unategemea sana mwaka wa mashine, na kuna mahali ambapo jibu zuri ni kutofungua kabisa.

Nitajuaje kwamba tatizo ni diski na si kitu kingine?

Dalili inayojulikana zaidi ni folda inayowaka na kuzima katikati ya skrini, ikiwa na alama ya kuuliza. Maana yake ni kwamba mashine imetafuta mfumo wa kuanzia na haikuuona. Nyingine: mstari wa kuwaka unafika nusu kisha unaganda, kigurudumu cha rangi kinazunguka dakika nzima kwa sababu umefungua folda moja tu, au unasikia mgongano ndani, tak, tak, tak.

Folda yenye alama ya kuuliza peke yake haitoshi kuihukumu diski. Inaweza kuwa mfumo umeharibika tu huku diski ikiwa nzima. Washa mashine ukiwa umeshikilia Command na R, au tumia flashi yenye mfumo, kisha ufungue Disk Utility, programu ya Mac ya kusimamia diski. Diski ya ndani isipoonekana kabisa, imekufa au kebo yake imelegea. Ikionekana, tazama mstari wa hali ya SMART, yaani diski inavyojipima afya yake yenyewe. Ukisoma "Failing", usiiamini tena hata kama inafanya kazi leo. Ukisoma "Verified", usishangilie mapema: diski nyingi hufa zikiwa na cheti hicho cha afya mkononi.

Inagonga lakini bado inawaka. Naweza kuendelea nayo nikisubiri mwisho wa mwezi?

Hapana. Mgongano huo ni kichwa cha kusomea kinachoshindwa kupata mahali pake, kinarudi, kinajaribu tena. Kila unapoiwasha unaongeza uwezekano wa kichwa hicho kukwaruza sahani zinazohifadhi data, na kilichokwaruzwa hakirudi. Kama kuna kazi za wateja humo, zima sasa.

Picha zangu zote zimo humo na sina nakala nyingine. Nifanye nini kwanza?

Kwanza, usifanye vitu vitatu ambavyo karibu kila mtu hukimbilia: usibonyeze First Aid (kitufe cha kutengeneza diski ndani ya Disk Utility) mara kwa mara, usisakinishe mfumo upya juu ya diski hiyo hiyo, na usiiweke kwenye friji. Habari ya friji imezunguka miaka mingi. Kinachotokea ni unyevu kuganda juu ya sahani, na baada ya hapo hata maabara yenye vifaa inapata shida.

Kama diski inaonekana na haigongi, njia yenye busara ni kuikopi nzima kwenda kwenye diski nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi, kisha kazi yote ya kutafuta mafaili ifanyike kwenye ile nakala. Programu ya bure inayofaa zaidi ni ddrescue, inayotumika kwenye Linux. Uzuri wake ni kwamba huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi, halafu ndipo hurudi kwenye sehemu mbovu, na huweka kumbukumbu ya ilipofikia, hivyo umeme ukikatika unaendelea palepale. Kukopi kwa kuburuta folda kwa kipanya ni kinyume chake: programu inakwama kwenye faili bovu la kwanza na diski inachakaa bure.

Zile za 2009 hadi 2011 zina njia nyingine inayosahaulika. Washa huku umeshikilia herufi T, na iMac nzima inageuka kuwa diski ya nje kwa Mac nyingine kupitia kebo ya FireWire 800, au Thunderbolt kwa ile ya 2011. Hakuna hata skrubu moja inayofunguliwa.

Diski ikiwa inagonga, au haizunguki kabisa, hapo kazi si ya nyumbani. Waokoaji wa data wenye chumba kisicho na vumbi hubadilisha vichwa vya kusomea, na bei yao ni kubwa. Amua mapema kama data ina thamani hiyo, kwa sababu fundi wa kawaida akishaifungua diski yenyewe mezani, uwezekano wa kuokoa chochote unashuka sana.

Niliitoa nikaichomeka kwenye kompyuta ya Windows, ikasema niifomati. Nikubali?

Usikubali. Windows haielewi mpangilio wa mafaili wa Mac, kwa hiyo diski nzima kabisa ya Mac inaonekana kwake kama tupu au mbovu. Funga dirisha hilo, tafuta Mac, Linux, au programu ya Windows inayosoma HFS+ na APFS, ndiyo mipangilio ya mafaili ya Mac. Data nyingi zimepotea hapa, kwa kubonyeza OK, na diski haikuwa na kosa lolote.

Jambo jingine: diski ya inchi 3.5 kutoka kwenye iMac inahitaji umeme wa volti 12. Ile kebo ndogo ya USB inayouzwa kwa ajili ya diski za laptopu haiwezi kuizungusha. Watu huichomeka, wakaona kimya, wakasema imekufa. Tumia adapta yenye plagi yake ya umeme.

Kwa nini kila ninayemuuliza ananiuliza mwaka?

Kwa sababu iMac mbili zinazofanana kwa mbali zinafunguka kwa njia tofauti kabisa. Angalia chini ya mguu wa mashine, kuna maandishi madogo sana. A1311 ni inchi 21.5 ya 2009 hadi 2011, na A1312 ni inchi 27 ya miaka hiyo hiyo. A1418 na A1419 ni zile nyembamba za 2012 hadi 2017. Namba hizo za A zimebeba miaka kadhaa, kwa hiyo soma pia namba ya EMC. Kwa inchi 21.5, EMC 2308 ni ya mwisho wa 2009, 2389 ni ya 2010, 2428 ni ya 2011. Kwa inchi 27, 2390 ni ya 2010 na 2429 ni ya 2011.

Hata bila kusoma maandishi, tazama ubavu wa kulia. Ukiona mwanya wa kuingizia DVD, ni ya 2011 au kabla. Usipouona na kingo za mashine ni nyembamba kama rula, ni ya mwisho wa 2012 au baadaye, na skrini yake imegandishwa kwa gundi.

Ni lazima niifungue?

Hili ndilo swali ambalo wengi hawaulizi, na ndilo lingewaokolea pesa nyingi zaidi. Kama iMac yako ni ya mwisho wa 2012 au baadaye, ina USB 3, yaani gigabiti 5 kwa sekunde. Chukua SSD ya nje, yaani diski isiyo na kinachozunguka, sakinisha mfumo humo, iteue kuwa diski ya kuanzia, ibandike nyuma ya mguu. Mashine itakuwa na kasi kuliko ilivyokuwa ikitoka dukani, na hujagusa gundi. Mimi mtu akiniletea ya 2013 yenye skrini nzima, namshauri hivyo kwanza. Kufungua ni kwa anayetaka usafi wa meza, au kwa mashine ambayo diski yake mbovu ya ndani inachelewesha kuwaka kwa sababu mfumo unaendelea kuibembeleza kila mara.

Kwa zile za 2009 hadi 2011 hesabu inageuka. USB yake ni 2.0, megabiti 480 tu, nayo itakuchosha kila siku. FireWire 800 ni afadhali, lakini makasha ya diski ya nje ya aina hiyo ni adimu siku hizi. Ya 2011 ina Thunderbolt, ila kasha la Thunderbolt laweza kugharimu zaidi ya SSD yenyewe. Kwa hiyo hizi zifungue. Bahati nzuri ndizo rahisi kufungua.

Nirudishie diski ya kawaida au niweke SSD?

SSD, na sioni cha kubishania, isipokuwa mtu anahitaji terabaiti nyingi kwa bei ndogo. Chukua yenye kiunganishi cha SATA, ya inchi 2.5, aina yoyote inayojulikana. iMac za 2009 na 2010 zina SATA ya gigabiti 3 na ya 2011 ina gigabiti 6. SSD mpya inafanya kazi kwenye zote, ikijishusha mwendo kwa zile za zamani. Hata kwa mwendo huo wa nusu, tofauti na diski ya kuzunguka utaiona siku ya kwanza, kwa sababu ucheleweshaji mkubwa ulikuwa ni kichwa kuhangaika kutafuta mafaili madogo.

Kwa zile zenye nafasi ya inchi 3.5 utahitaji fremu ya kuibeba SSD ndogo. Ni kipande cha bati au plastiki cha bei ndogo. Wengine huibandika kwa utepe wenye gundi pande mbili na inakaa miaka, maana SSD haina kinachozunguka wala kutetemeka. Inchi 21.5 za mwisho wa 2012 na kuendelea zina diski ya inchi 2.5 tangu kiwandani, hivyo SSD inaingia bila fremu.

Uangalifu mmoja sokoni, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue: SSD yenye terabaiti kwa bei ya chakula cha mchana ni flashi ndogo iliyoandikwa uongo. Kabla ya kuifungia ndani ya mashine, ijaze hadi mwisho kwa programu kama F3 au H2testw, nayo itakuambia ukubwa wa kweli.

Nahitaji vifaa gani?

Kwa za 2007 hadi 2011: vikombe viwili vya mpira vya kunyonyea kioo, bisibisi za nyota za T8 na T10 zenye shingo ndefu, kibanzi cha plastiki cha kuchomolea kebo, kibano chembamba, na kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Kwa za 2012 na kuendelea ongeza kigurudumu cha plastiki cha kukatia gundi na seti mpya ya gundi ya modeli yako. Usianze kufungua kabla gundi mpya haijafika mkononi.

Ya 2009 hadi 2011 inafunguliwaje?

Chomoa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde kumi, iache ipoe. Laza mashine chali juu ya taulo. Kioo cha mbele kimeshikwa na sumaku tu, hakuna gundi wala skrubu: bandika vikombe kwenye pembe mbili za juu, inua polepole, kisha kiweke mahali ambapo mtoto wala paka hafiki. Shika kingo zake, usishike uso wa ndani, la sivyo alama za vidole vyako zitabaki chini ya kioo.

Chini yake utaona skrini yenyewe imefungwa kwa skrubu nane za T10. Hapa sumaku zilizokuwa rafiki zako zinageuka: zinazunguka ukingo mzima, na skrubu ikilegea inarukia pembeni na kujificha. Ndiyo maana ya kibano.

Inua skrini kutoka upande wa juu, kidogo tu. Inashikwa na kebo kadhaa na zote ni fupi: ya picha, ya umeme wa taa ya nyuma, na nyembamba kuliko zote ya kusawazisha, pamoja na ya kihisi joto cha skrini kwenye baadhi ya modeli. Ukivuta kwa pupa unazikata. Kama una msaidizi, si lazima uzichomoe zote; yeye aishike skrini ikiwa imeinama, wewe ufanye kazi kwa chini. Ukiwa peke yako, chomoa, na upige picha kwa simu kabla ya kila kebo.

Diski iko katikati, imebanwa na kipande chenye skrubu mbili za T10. Ifungue, isogeze, chomoa kebo ya data na ya umeme, toa zile pini za T8 ubavuni na uzihamishie kwenye diski mpya au fremu yake. Kurudisha ni njia hiyo hiyo kinyumenyume. Kabla ya kufunga kioo, washa mashine uone kama skrini inawaka na diski mpya inaonekana. Kisha zima, futa vumbi juu ya skrini, ndipo urudishe kioo. Vumbi utakaloliacha utalitazama miaka mingi.

Na hizi nyembamba?

Hapa ni gundi, na hofu yako ni halali. Unaingiza kigurudumu kwenye mwanya kati ya skrini na kasha la mashine, unaanzia upande mmoja chini, unapanda, unapita juu, unashuka upande wa pili. Usizame zaidi ya sentimita moja hivi, hasa juu katikati ambapo kuna kamera. Pitisha mara mbili au tatu. Gundi iliyobaki kwenye pembe za juu hukatwa kwa kadi ngumu ya plastiki. Skrini ikishaachia, usiinyanyue zaidi ya upana wa kiganja mpaka umechomoa kebo mbili, ya umeme na ya picha.

Paneli hizi huvunjika pembeni mtu akizikunja, na paneli ya Retina ya 5K ina bei ya kukufanya ununue mashine nyingine. Nguvu inayohitajika ni ndogo. Ukiona unasukuma sana, rudia kukata.

Ukishafika ndani, kumbuka kwamba RAM ya inchi 21.5 iko humo ndani pia, haina mlango wa nje kama ya inchi 27. Kama ulikuwa unawaza kuongeza RAM, iongeze siku hiyo hiyo. Jaribu mashine kwa kuishikilia skrini kwa selotepu kabla ya kuweka gundi mpya.

Nimebadilisha diski, sasa feni zinavuma kama ndege inaruka. Nimeharibu nini?

Hujaharibu kitu. Hili ndilo tatizo mashuhuri kuliko yote ya iMac za 2009 hadi 2011. Mashine inataka kujua joto la diski ili ipange mwendo wa feni, na ikikosa jibu inachagua usalama: feni ya diski inapanda hadi juu kabisa na kubaki huko.

Namna ya kupima joto ilibadilika modeli hadi modeli. Za 2007 na 2008 zina kihisi kilichobandikwa kwa nje ya diski. Unakibandua na kukibandika kwenye mpya, basi. Za 2009 na 2010 zina kebo ndogo inayochomekwa kwenye pini za diski yenyewe, na umbo la kebo hiyo lilitegemea kampuni iliyotengeneza diski. Ukitoa Seagate ukaweka Western Digital, kebo haikai. Ya 2011 ndiyo yenye mbinu: joto husomwa kupitia kebo ya umeme ya diski, na diski zilizowekwa kiwandani zina programu-msingi maalumu ya Apple inayojibu. Diski ya dukani haina jibu hilo.

Suluhisho ni mawili. La kwanza ni kebo yenye kihisi chake ndani, kama ile inayouzwa na kampuni ya OWC. Unaichomeka kati, unabandika kihisi kwenye diski, na mashine inatulia tangu inapowaka. Hili ndilo ninalolipendelea. La pili ni programu kama Macs Fan Control, inayosoma joto kupitia SMART na kuiongoza feni. Ni nafuu, ila inaanza kazi baada ya mfumo kuwaka. Wakati wa kusakinisha mfumo, au ukiwasha Windows upande wa pili bila programu yake, makelele yanarudi.

Kuna na ujanja wa tatu wa 2009 na 2010, wa kuunganisha ncha mbili za kebo ya kihisi zigusane. Feni inanyamaza kwa sababu mashine inadanganywa. Kwa SSD, ambayo haitoi joto kubwa, watu wameishi nao. Kwa diski ya kuzunguka sishauri.

Kwenye nyembamba, za inchi 27 ndizo zinazoweza kuleta shida hii ukiweka SSD badala ya diski ya inchi 3.5, na kebo yake inapatikana pia. Za inchi 21.5 kwa kawaida hazisumbui.

Kuna hatari ya kupigwa na umeme?

Ipo, na haiko kwenye diski. Tofauti na laptopu, saplai ya umeme ya iMac iko ndani, bodi tupu isiyofunikwa, na kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya. Huna sababu ya kuigusa bodi hiyo kwa kazi hii, kwa hiyo usiiguse. Usifanye majaribio skrini ikiwa wazi huku mkono uko ndani na waya uko ukutani.

Yangu ina Fusion Drive. Kuna tofauti?

Kubwa. Fusion Drive, iliyoanza Oktoba 2012, ni SSD ndogo na diski ya kuzunguka zilizounganishwa zionekane moja. Mafaili yamegawanywa kati ya hizo mbili, hivyo moja ikifa zote zimepotea. Ukibadilisha ile ya kuzunguka kwa SSD ya SATA, unaweza kuziacha mbili ziwe tofauti au kuziunganisha tena. Kwa mfumo wa Mojave na baadaye, amri ya `diskutil resetFusion` kwenye Terminal (dirisha la kuandikia amri) ya Recovery (ile ya kuwasha kwa Command na R) huziunganisha, na hufuta kila kitu. Mimi naziacha tofauti. Kuziunganisha ni kurudisha ule udhaifu wa kwanza.

Diski mpya haionekani ninapotaka kusakinisha.

Mara nyingi ipo ila haijafomatiwa, na Disk Utility za miaka ya karibuni huificha. Fungua menyu ya View, chagua Show All Devices, kisha ubofye jina la juu kabisa la diski, si lile la chini yake. Futa kwa mpangilio wa GUID Partition Map, na Mac OS Extended (Journaled), yaani HFS+, au APFS kutegemea mfumo unaoweka. APFS ilianza kwa mfumo wa High Sierra mwaka 2017. Kwa mifumo ya kabla ya hapo chagua ile ya kwanza. Ikiwa hata hapo haionekani, rudi kwenye kebo.

Niweke mfumo gani, na niutoe wapi?

Kikomo rasmi cha iMac za mwisho wa 2009, 2010 na 2011 ni High Sierra. Za mwisho wa 2012 na 2013 zinaishia Catalina, za 2014 Big Sur, za mwisho wa 2015 Monterey, za 2017 Ventura. OpenCore Legacy Patcher, programu ya kuweka mifumo mipya kwenye Mac za zamani, inaweza kuvuka mipaka hiyo, lakini kwenye za 2009 hadi 2011 kadi za picha ni za zamani mno na matokeo hayapendezi. Kwa mashine ya kazi, High Sierra iliyotulia inanitosha kuliko mfumo mpya unaokwama.

Modeli nyingi kuanzia 2011 zinaweza kupakua mfumo kwa intaneti ukishikilia Command, Option na R. Ni gigabaiti kadhaa, hesabu bando lako. Za kabla ya hapo tumia DVD iliyokuja nayo, au Mac nyingine kutengeneza flashi ya GB 16.

Kisakinishi kikikuambia kimeharibika, tazama tarehe. Visakinishi vilivyopakuliwa kabla ya mwisho wa Oktoba 2019 vilikuwa na cheti kilichokwisha muda wake. Zima intaneti, fungua Terminal, andika `date 0101010118`, ambayo inairudisha saa hadi Januari 2018, kisha endelea. Kinyume chake pia hutokea: betri ndogo ya CR2032 kwenye madabodi imekufa, saa imerudi nyuma miaka mingi, na seva za Apple zinakataa kuzungumza na mashine yako. Hapo isogeze mbele.

Baada ya kuweka SSD kuna kingine cha kufanya?

TRIM, yaani mfumo kuiambia SSD ni sehemu zipi hazitumiki tena. Kuanzia OS X 10.10.4 andika `sudo trimforce enable` kwenye Terminal, kubali, mashine itajiwasha upya.

Nimesikia Apple walibadilisha diski bure.

Walifanya hivyo. Diski za Seagate za TB 1 kwenye iMac zilizouzwa kati ya Oktoba 2009 na Julai 2011 zilikuwa na mpango wa kubadilishwa, na baadaye diski za TB 3 za inchi 27 zilizouzwa kati ya Desemba 2012 na Septemba 2013. Mipango yote miwili imeshafungwa. Faida yake leo ni moja: ukinunua iMac ya miaka hiyo na diski ni ile ile ya kiwandani, ihesabu kama inayokaribia kufa na uipunguze kwenye bei.

Kompyuta yangu ni ya namna hii lakini ni HP au Dell.

Una nafuu. Nyingi hufunguka kwa nyuma, kifuniko kikiachia kwa kibanzi cha plastiki, na diski ni ya kawaida bila mambo ya kihisi. Leseni ya Windows 10 au 11 hufuata madabodi, kwa hiyo ukisakinisha toleo lile lile kwenye diski mpya kwa kawaida inajithibitisha yenyewe ikipata intaneti.

Je, mashine ya umri huu inastahili gharama hii?

Ya inchi 27 ya 2011, ichunguze kwanza kadi ya picha. Za AMD kwenye modeli hiyo zilikuwa na matatizo hadi Apple wakaweka mpango wa kuzibadilisha, nao umeshaisha. Ukiona mistari ya rangi skrini inapowaka, usinunue SSD kwa ajili yake. Ya 2009 inayotumika kuandikia barua na kusikiliza muziki, SSD ndogo inatosha na ni pesa iliyotumika vizuri. Ya 2015 au 2017 yenye 5K, bila shaka yoyote: skrini yake peke yake ni sababu ya kuihangaikia.

Nikimpeleka fundi, nimuulize nini?

Muulize kama ameshafungua modeli ya mwaka wako, na atafanya nini kuhusu feni. Akijibu kwamba feni hazihusiani na diski, na mashine yako ni ya 2009 hadi 2011, mshukuru uondoke nayo. Kwa zile nyembamba muulize gundi mpya iko wapi, uione. Wapo wanaorudisha skrini kwa gundi ya viatu, na wa pili atakayeifungua ndiye atakayeivunja. Mkubaliane nani analipa paneli ikipasuka. Na udai urudishiwe diski ya zamani, hata ikiwa imekufa: namba za benki, picha za harusi za wateja na nywila zako bado zimo kwenye sahani zake.